Mgeni wa Ndoo

Ulikuja kwetu ndani ya ndoo ya bluu,
wewe na mwenzio, kwa bei ya kuku watatu.
Baba mkwe Eleuterio aliwafunulia majirani:
"Nyama isiyodai malisho," alisema,
"mwakani tunajenga kwa saruji."

Mgeni siku mbili; ya tatu tulikupa jaruba.
Jembe hukushika. Ulishika miche,
usiku, shina kwa shina, kimya kama mtu anayesoma,
ukatuachia mayai ya rangi ya waridi kwenye fito,
mazuri, ee Mungu, mazuri kama pipi za harusi.

Saruji haikuja.
Mwana wa Eleuterio, Crispulo wangu,
miaka kumi na minne aliinama akikuokota,
debe asubuhi, debe jioni,
sigara mdomoni, ya majani aliyoyalima mwenyewe
kule Batac, nyuma ya banda la matofali.
Hukumuua wewe. Aliyemuua namjua.
Nilisikia kikohozi kikipanda ngazi kabla yake.

Baada ya arobaini nilifagia banda.
Vikonyo, makapi, vumbi la tumbaku,
vitu ambavyo mnunuzi huvisukuma kando kwa kiatu.
Nikatia guniani. Nikapiga chafya mpaka nikalia,
au nililia mpaka nikapiga chafya.

Leo nimeziba mfereji kwa udongo.
Maji yamesimama, hayafiki kifundo cha mguu.
Nimejifunga kitambaa puani
na ninarusha, konzi kwa konzi,
kama mtu anayelisha kuku asiowapenda.

Maji yanageuka chai.
Konokono, unafunga mlango wako,
unafungua,
unafunga,
unafungua, na hufungi tena.

Siku ya pili napata kambare mmoja,
tumbo juu, jeupe.
Huyu hakula hata jani moja la mpunga.
Namwomba radhi kwa sauti, peke yangu kwenye tuta,
kisha nahesabu upya magunia:
mwakani nusu, na bata wamalizie.
Mfereji siufungui bado;
kule chini Honorata ana bwawa la samaki,
na Honorata hajanikosea kitu.

Jioni miche imesimama, mistari yote, hata ule wa pembeni
ambao kila mwaka ulikuwa wako.
Nanawa kwa sabuni, mara tatu.
Nanusa viganja:
ni Crispulo, anarudi kutoka shambani,
bado hajaanza kukohoa.