Bawabu wa Kabatini

Miaka kumi na mmoja ilipiga hesabu za mikate
dukani kwa shangazi Helve, mjini Tartu;
ubavuni bado ina unga.
Lembit akaifungua kwa bisibisi,
akapuliza, akapiga chafya,
akachomeka kadi ya pili:
uso mmoja waelekea dunia, wa pili jikoni.

Sasa i kabatini, kati ya mabuti yenye theluji,
haina kioo, haina kibodi,
kazi yake kusikiliza hodi.
Wa ndani wakitoka, haya, nendeni.
Mgeni asiyeitwa hujibiwa kimya.

Maarja alicheka: “Mstaafu kapewa lindo!”

Jana umeme ulikatika usiku wa manane.
Hakuna aliyejua
ila paka,
aliyeamka juu ya bati
lililoanza kupoa.