Safu ya Tatu

Barua ya chuo ilifika Machi, theluji ingali magotini.
Mama aliisoma wima, koti hajavua,
akageuza bahasha, akaandika mgongoni mwake:
ada, vitabu, chumba, chakula.

Nikafuta chakula.
"Ningekula popote, Mama. Hata hapa nakula."
Akacheka, akakata na nusu ya chumba,
tukadhani hesabu tumeiweza.

Mjomba Toivo hakucheka.
Kwa vidole vyeusi vya masizi ya maboila
alichora safu ya pili ubavuni mwa ile ya kwanza:
dola ishirini na mbili kwa saa,
saa arobaini kwa wiki,
miaka minne.
"Hizi hutazilipa," alisema. "Hutazipata tu.
Ndiyo maana hazina risiti."

Mshika mawili, moja humponyoka. Sawa.
Mbona hakuna anayeuliza
hilo moja liliangukia mikono ya nani?

Langu lilimwangukia Eero, kijana wa jirani.
Yeye ndiye sasa amshikiaye mjomba tochi
chini ya nyumba za Thunder Bay, kwenye mabomba yanayovuja.
Juni alinunua gari.
Mimi nilinunua nyundo ya kupasulia mawe.

Safu ya tatu hakuna aliyeiandika:
redio ya Kifini kabla hakujapambazuka,
kahawa nyeusi kwenye kifuniko cha chupa,
na kuitwa fundi, mara moja tu,
na mtu asiyejua kusifu.
Lakini kama ningebaki, nisingejua
kwamba lile jiwe jekundu tulilolizuilia mlango wa banda
lilikuwa tope la bahari
kabla bahari haijajua samaki.
Hilo nalo lina bei. Sijui niliweke safu ipi.

Leo Alhamisi, Winnipeg, mhadhiri anaeleza
gharama ya fursa kwa mfano wa mkulima
na mashamba mawili, chaki ikimwagika kwenye suti.
Nyuma yangu kipasha joto kinagonga: ko, ko, ko.
Wenzangu wanadhani ni uzee.
Ni hewa imekwama tu.

Mfukoni ninao ufunguo wa shaba,
wa Toivo; sikumrudishia, wala hakuuomba.
Nanyoosha mkono bila kugeuka,
nazungusha robo,
hewa inatoka kwa mluzi mrefu mwembamba,
na joto linaanza kupanda ukutani.

"Kuna swali huko nyuma?" anauliza mhadhiri.