Kiraka

Wakubwa wa reli wanaiita kwa namba.
Sisi wa Kazuramimba tunaiita Kiraka,
maana si treni hasa: ni behewa moja la daraja la tatu
lililoshonwa mkiani mwa mabehewa ya saruji.
Huondoka saa kumi na moja, giza bado lina umande,
Kandaga, Luiche, Kigoma,
na jioni hurudi, Mungu akipenda na kichwa kikikubali.

Nina koleo la kutobolea tiketi, mwaka wa kumi na tisa sasa.
Tundu langu lina umbo la punje ya mtama.
Nawajua abiria kwa vidole kabla ya sura:
vya Ntibagwe vimekolea mawese hadi chini ya kucha,
tiketi yake huteleza kama kambale;
vya fundi Bukuru vina chaki;
vya watoto wa sekondari havina tiketi,
vina hadithi.

Jumatatu ile ya masika tulilazwa Luiche, njia ya pembeni.
Mbele yetu maji yalikuwa yamekula kokoto,
na nyuma, karibu na Uvinza, treni ya bara imekwama topeni.
Kichwa chetu kikaitwa kwenda kuivuta.
Wakakifungua ndoano, kikatupita ubavuni
kikirudi kilikotoka, bila kutuangalia.
"Saa mbili tu," alisema dereva.
Nikatangaza: saa mbili tu.
Hakuna aliyeguna. Hilo ndilo lililonitisha.

Kufika saa nne Ntibagwe akafungua kidumu cha kwanza.
"Mteja wangu wa Mwanga keshanunua kwa mwingine.
Nani ana chupa?"
Bukuru akampima mabega kijana wa bandarini.
Mwalimu Nyabenda akaazima chaki,
akaandika ukutani, chini ya USITEME MATE,
hesabu za pembetatu;
wanafunzi wake walikuwa wawili,
lakini benchi lilijaa, na mpiga debe mmoja akapata jibu.

Ruhoro na jirani yake Sabuni walikuwa na kesi saa tatu,
mpaka wa shamba. Hawajasalimiana tangu Januari.
Walikaa wameangalia madirisha mbalimbali
mpaka adhuhuri, ndipo wakakubaliana kwamba mpaka ni mnazi.
Kisha wakagombana upya: mnazi upi.

Mimi nilikuwa nazunguka na koleo langu
kama mtu aliyebeba ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Bi Edisa ndiye hakuwa na la kufanya mle ndani.
Mumewe amelazwa Maweni, wiki ya tatu.
Alikuwa amepakata hotipoti iliyofungwa kwa khanga,
ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga,
na kila mara anaigusa kifuniko, kama unavyogusa paji la mtoto.
Kiganja kilipoacha kupata joto
akafungua fundo, akawaita wale watoto wa hadithi.
"Kuleni. Mgonjwa hapewi cha baridi."
Walikula kimya. Hata miiba waliificha mfukoni.

Saa kumi kichwa kikarudi, kimepakwa tope hadi kwenye taa.
Njia ya mjini imefungwa, wakasema, tunawarudisha nyumbani.
Kikatushika kwa kishindo, hesabu za Nyabenda zikatetemeka,
na Kiraka kikaanza kuelekea kule tulikotoka asubuhi.

Kanuni haina kifungu cha siku kama hiyo.
Tiketi ya kwenda na kurudi: tundu la kwanza nilishatoboa,
la pili ni la watu waliofika.
Lakini Ntibagwe amemaliza vidumu viwili,
yule kijana suruali yake imeshakatwa,
nikasema hawa wamekwenda mjini,
mji ndio uliochelewa.
Nikatoboa, benchi kwa benchi.

Bi Edisa alininyoshea yake bila kuinua uso.
Niliikunja, nikamrudishia kiganjani.
"Hii bado mbichi, mama," nikamwambia.
"Kesho njoo nayo."

Akaitia ndani ya hotipoti tupu,
akafunga kifuniko.