Buti za Hmayak

Baba aliniita Vrezh.
Kwa lugha yetu maana yake ni kisasi.
Kasisi akanibatiza nalo bila kusita,
kana kwamba maji na jina
vingekuja kuelewana vyenyewe huko mbele.

Mimi ni fundi viatu hapa Gyumri,
kibanda kando ya kituo cha treni,
jiko la kuni, stuli mbili, redio inayokoroma.
Siulizi kiatu ni cha nani. Soli husema.
Mwenye haraka humaliza ncha,
mwenye mzigo hulalia upande.

Jumatano mtoto Arshavir alileta buti,
akaziweka mezani, akatazama chini.
Babu yake hakumtaja. Hapakuwa na haja:
kisigino cha kulia kimelika kwa nje,
ndizo zilizosimama juu ya kisiki cha plamu yangu
mwaka ule wa ukuta.

Hmayak alikuwa akijenga gereji.
Akaingia kwangu hatua moja na nusu.
Hatua moja na nusu! Si shamba hilo, si ufalme,
lakini ndipo mama alipoanika plamu zake
juu ya shuka la harusi yake.
Miaka tisa hatujasalimiana.
Wenzangu huniambia, dawa ya moto ni moto,
na wewe hata jina unalo.

Basi nikazishona.
Shazia ikaingia, ikatoka.
Uzi sikuupaka nta.
Kila baada ya matundu matatu nikaruka moja,
nikafunika kwa gundi na rangi nyeusi
hadi zikang'aa kama jicho la ng'ombe.
Nani angejua?
Theluji ingejua. Polepole,
kuanzia kidole gumba.

Jumapili, katika kanisa letu la mawe meusi,
kikafika kipindi cha salamu,
kila mtu humgeukia wa ubavuni pake
na kumwambia: Kristo amedhihirika kati yetu.
Nikageuka kushoto, kwa mazoea tu,
nikamkuta Hmayak
amevaa raba za kiangazi na soksi mbili mbili,
zimelowa hadi kifundoni.

Buti zake, bila shaka, zilikuwa kwangu.

Maneno yale nimeyasema miaka hamsini,
mepesi kama ganda la kitunguu.
Siku ile yakanikwama mfano wa mwiba wa samaki.
Amedhihirika wapi, Vrezh?
Kwenye tundu uliloruka?

Nikatoka. Wanawake wa kwaya walidhani ni tumbo.
Mshumaa wangu bado ulikuwa mfukoni, haujawashwa.
Nikafungua kibanda siku ya Bwana, anisamehe,
nikachochea jiko, nikafumua mshono wote.
Nta ilikuwa imeniishia.
Nikauvuta uzi juu ya mshumaa ule,
mara moja, mara ya pili,
hadi ukanusa nyuki.
Kisha tundu kwa tundu, bila kuruka,
na misumari saba kila kisigino.

Sikuona malaika.
Hasira haikutoka pia;
ilikalia stuli ya pili,
ikinitazama nikifanya kazi.

Jumatatu mtoto akauliza, ni kiasi gani?
Dramu elfu nne, nikasema.
Sikupunguza hata moja.
Mimi si mtakatifu, na kuni hununuliwa.

Ukuta upo palepale.
Lakini usiku wa kuamkia Jumatano theluji ilianguka tena,
na alfajiri nikakuta nyayo uani,
soli zangu, nazijua, misumari saba,
zimetoka gerejini hadi langoni kwangu.
Zilisimama hapo kitambo,
theluji imeshindiliwa ngumu kama sahani.
Kisha zikarudi zilikotoka.

Nikachukua koleo nisafishe njia.
Nikazoa kulia, nikazoa kushoto.
Nyayo nikazizunguka.