Alama za Rangi ya Kucha

Studio yao na kinu changu vinagawana ukuta mmoja,
tofali za kuchoma, hazijapigwa lipu.
Mchana nikisaga, mahindi huingia kwenye habari;
msikilizaji wa Osieko aliwahi kupiga simu kuuliza
hiyo mvua inanyesha wapi.
Tukaelewana: saa ya taarifa nazima injini,
akina mama wanakalia magunia yao, wanangoja,
na Everline Nabwire anasema anayoyajua
kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyala,
maana maji, anasema, hayaulizi ulisomea wapi.

Mshahara wake wa mwisho ulikuwa Aprili.
Unga anachukua kwangu, anaandika mwenyewe daftarini.

Mwezi huu Nzoia ilirudi na rangi ya chai ya maziwa.
Alikata mwanzi, akaupima kwa utepe wa fundi cherehani,
akauchora kwa rangi yake ya kucha, nyekundu,
mstari kwa kila futi,
akausimika kando ya tuta, Makunda.
Sikuku wa baiskeli huenda kila saa,
hurudi na namba moja mdomoni
kama mtu aliyebeba yai.

Jumanne alitangaza kuhusu magunia ya tuta.
Alilipasua moja kwa kisu cha jikoni:
makapi ya mpunga.

Jumatano ujumbe ukaingia. Alinionyesha.
Hamna tusi hata moja.
*Mtoto bado anasoma ile shule yenye geti la bluu?*
Hayo tu. Na alama ya kuuliza, imewekwa vizuri.

Alhamisi mwenye redio akaja na barua.
Mkandarasi ndiye analipia matangazo ya saruji,
saruji ndiyo inalipia umeme.
Soma, akasema, kama ilivyo.

Saa mbili usiku nilibandika sikio kwenye tofali.
Akaisoma. Kama ilivyo, bila kukohoa:
kwamba tuta ni imara, kwamba mwandishi aliteleza,
kwamba wananchi walale.
Akanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu, nne.
Kisha: Sasa, mwanzi.
Saa kumi na mbili, futi sita.
Saa moja, futi saba na nusu.
Saa mbili, Sikuku ameingia sasa hivi, ameloa hadi kifuani,
mstari wa tisa hakuuona.

Hakusema hameni. Barua haikumpa neno hilo.
Alirudia namba tu, kwa Kinyala, polepole,
kama anayemhesabia mtoto vidole.

Nikasikia mlango wa kwanza. Kisha kuku:
kuku wakibebwa usiku wana sauti yao.
Kisha kitanda cha chuma kikiburutwa barabarani,
na umeme ukakatika.

Dizeli ya kesho ilikuwemo. Nilivua mkanda kwenye jiwe,
nikaufunga kwenye dainamo, nikapitisha waya dirishani.
Ngurumo ya injini ikaingia hewani pamoja naye.
Hakuna aliyeuliza mvua inanyesha wapi.

Aliwahi kuniambia, akicheka, kuhusu wenzake wa mbali:
kuna anayesomea habari shimoni chini ya nyumba,
kuna anayeficha kalamu ndani ya soksi,
kuna mji ambao mtangazaji hubadilisha jina kila wiki
na wasikilizaji wanamjua kwa kikohozi.
Mimi, akasema, nina ukuta, na jirani mwenye dizeli.

Tuta lilipasuka saa tisa.
Msiniulize ni wangapi walikuwa wameshapanda mlimani.
Atasema yeye akimaliza kuhesabu;
hapendi namba ambayo hajaigusa.

Leo alikuja kinuni, matope hadi magotini.
Unga hakutaka.
Mwanzi umekwenda na maji, akasema,
je, mama watoto ana rangi ya kucha?
Ipo ya zambarau, nikamwambia, imekauka kidogo.
Akainyosha mikono, kucha zake zote tupu.
Ilete, akasema. Mradi inaonekana kwa tochi.