Adari Mbili

Saloniki yetu ilikuwa na tarehe nne kwa siku moja:
ya Wagiriki, ya Waturuki, ya meli za Wafaransa, na yetu.
Mimi nilizipanga zote kwa herufi za risasi
katika kiwanda cha chapa cha Mentesh Bivas,
vidole vyeusi, kichwa kitupu.

Hakham Avram Kuenka alikuja na miwani iliyofungwa uzi
kusahihisha kalenda kabla haijachapwa.
Hakusalimia. Aliweka ukucha:
"Hapa. Mia saba tisini na tatu.
Wewe umeweka mia saba thelathini na tisa."
Vipande vya saa, alimaanisha; saa moja ina elfu na themanini,
na mwezi hauandami mpaka vitimie.
"Umewaibia watu dakika tatu. Zirudishe."

Nilizirudisha.

Mwaka ule ulikuwa na mimba, ndivyo tusemavyo:
miezi kumi na mitatu,
kwa kuwa mwezi hulikimbia jua
na Pasaka isiyosubiriwa itaangukia barafuni.
Akaja Bienvenida, mjane wa Ezrati hamali wa bandarini,
na chupa ya mafuta isiyojaza kikombe.
"Mume wangu alikufa Adari, tarehe tisa.
Mwaka huu Adari ni mbili. Ipi yake?"

Hakham akafumba macho. Midomo ikawapitia
waliowahi kuulizwa, waliojibu,
na waliowapinga waliojibu.
"Ya pili. Kwa sisi wa hapa, ya pili."
"Na ya kwanza nifanyeje?"
"Pika, fua, lala. Sheria haikudai."

Aliondoka kaikumbatia chupa. Nikamchukia Hakham
kama mtoto amchukiavyo mng'oa meno.

Usiku wa kuamkia tisa, Adari ya kwanza,
nilitumwa sinagogi na karatasi za majaribio.
Nilimkuta peke yake, miaka sabini, juu ya kiti,
akimimina mafuta yake kwenye bilauri,
akinong'ona jina la hamali.

Hakushtuka.
"Wapo wakubwa waliosema ya kwanza.
Yeye ana mafuta ya usiku mmoja.
Kwa nini nimtwishe shaka yangu?
Shika kiti."

Akashuka, mguu baada ya mguu,
akapokea karatasi, akaisogeza
kwenye mwanga ule ule wa Ezrati,
akaweka ukucha:

"Hapa."