Mteja Hapatikani

Saa moja na robo, Lunga Lunga, tanuri bado baridi.
Tanuri hili halikuwa na usiku.
Lilipoa Krismasi tu, na hata siku hiyo
Shakombo alikuja kulipapasa
kama anayepima homa ya mtoto.

Mwenye mita za umeme amesema: subirini.
Neno moja, na mita elfu arobaini ndani yake.
Mwenye ving'amuzi hakusema hata hilo.
Tunampigia, na yule mama wa kwenye simu,
mpole, asiyechoka, anatujibu kwa niaba ya soko zima:
mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Sisi ni wakunga, elewa.
Mtoto anatoka akiitwa kwa jina la baba yake,
anapelekwa dukani kwenye sanduku lenye picha,
nasi tunanawa mikono, tunamngojea mwingine.
Nani humkumbuka mkunga mwaka usio na mimba?

Kwamboka wa hesabu hakumkumbuka mtu. Alikumbuka rafu.
Kapasita milioni mbili, zilizonunuliwa mwaka wa uhaba
kwa bei ya hofu,
zimekaa stoo kama wageni wasiojua kuaga.
Akaziuza Kampala, chini ya bei, bila kupepesa.
Hasara ya leo, alisema,
ni nafuu kuliko faida niliyoifungia kufuli.
Akazima laini ya pili, taa zake, feni zake.
Akatutuma tukwangue masazo ya lehemu,
yale mapovu ya kijivu tuliyokuwa tukiyafagia,
yakapimwa kwa kilo, yakaenda Kariobangi,
yakarudi yakiwa mshahara wa Ekidor wa getini
hadi tarehe kumi na nane.

Kisha akaja mwanamke wa Ruai, muuza vifaranga:
bodi kumi na mbili za viatamizi.
Kumi na mbili! Zamani tungeziharibu hizo
kwa kuijaribu mashine tu.
Shakombo alivaa glavu mpya.
Mama alilipa taslimu, kabla, noti zikinuka pumba.
Haba na haba, mtu akaanza, na Kwamboka akamkata:
hujaza kibaba, najua, lakini benki haipokei kibaba.
Hata hivyo alizihesabu mara mbili.

Ikafuata pampu ya dawa kutoka hospitali,
imekufa, na aliyeiunda amefunga duka ng'ambo huko.
Tukaifufua. Wakaleta tisa.
Kufufua hulipa kuliko kuzaa,
hilo hakuna aliyetufundisha.

Na mimi na Mutheu tukagawana kiti kimoja.
Wiki yangu, wiki yake.
Darubini naikuta imepangwa kwa macho yake,
naipindua kwa yangu, naye ataipindua tena.
Ndivyo tulivyosalimiana, miezi minne.
Macho yale! Mutheu aliona kiungo kibovu
kabla bodi haijatua mezani,
kwa namna mwanga ulivyosita juu yake.

Mwezi wa saba, karatasi ubaoni:
faida, shilingi elfu sita na mia nne.
Tukapiga makofi, kweli tulipiga.
Chai ikaja na maandazi, mawili kwa kila mtu,
na Kwamboka, nilimwona, alilia kidogo, akidai ni moshi wa lehemu,
siku ambayo hakuna aliyeshika lehemu.
Mimi nikatafuna nikihesabu.
Elfu sita na mia nne:
wiki moja ya Mutheu inazidi hapo kwa mia mbili hivi.

Jumatatu mita zikarudi. Elfu tano, si arobaini,
lakini tanuri likaunguruma, na vumbi la laini ya pili
likanuka lilipopashwa moto.
Ita wote, akasema Kwamboka.
Darubini niliikuta kama nilivyoiacha wiki mbili nyuma,
kwa macho yangu.

Nikapiga simu.
Yule mama mpole akapokea.